Kiuno cha Wandy

Tangu ile ajali ya pikipiki, goti la kushoto la Eligio halikunji. Ndani mna chuma na skrubu sita, na mvua ikikaribia linaanza kuuma kabla hata mawingu hayajafika San Pedro. Sasa mguu wa kushoto ndio wa gia. Kwa hiyo pikipiki yake anaiendesha Wandy, rafiki yake wa kijiwe kimoja cha bodaboda, kizibao chake cha namba kumi na saba anakivaa Wandy, na anayempeleka mke wake Yocasta kiwandani kila asubuhi ni huyohuyo Wandy. Mwaka wa pili huu. Eligio anakaa kibarazani na kahawa yake, mguu kaunyoosha mbele kama ubao, anawaangalia wanavyoondoka.

Mwanzoni haikumsumbua. Wivu ulimwingia siku alipoona mikono.

Mtaani kwao kila mtu anajua kwamba abiria anashika keria, kile chuma cha nyuma. Anayemshika dereva kiuno ni wa kwake, mke au mchumba. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini ukishika kiuno kisicho chako, habari inafika kona ya duka kabla yako. Na Yocasta alikuwa kamzungushia Wandy mkono mzimamzima, kifua kimelala mgongoni.

Eligio akajiambia labda ni tuta. Kesho yake akaangalia tena. Tuta hapana, mkono upo.

Akajikokota na magongo mpaka kijiweni, eti kucheza domino, kumbe katega masikio. Mmoja akamrushia neno huku anapanga kete: "Kaka, mkeo siku hizi anaogopa upepo?" Wote wakacheka isipokuwa Wandy. Yeye aliinama akaanza kukagua mnyororo ambao haukuwa na shida yoyote. Hapo ndipo Eligio alipokwisha. Mtu asiye na kosa si angecheka? Akamchukia Wandy mpaka magoti yake, yanavyokunjika tu bila hata kufikiriwa.

Jumatatu asubuhi akashindwa kuvumilia. Yocasta alikuwa anaponda ndizi za kifungua kinywa.

"Una nini na Wandy?"

Yocasta akauliza kivipi. Eligio akamtolea yote, mikono, kifua, kicheko cha kijiweni. Mkewe hakubisha. Alichukua uma, akaweka mkono wa kulia mezani, akajichoma ncha za vidole vitatu, kimoja baada ya kingine, uso haukubadilika.

"Havisikii," akasema. "Vinaachia vyenyewe. Mwezi uliopita vimeachia keria pale kwenye mzunguko, kidogo nibaki barabarani. Wandy ndiye akasema nimshike yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyovunjika wewe."

Akamweleza kwamba hospitali walimfunga bandeji ya kifundo cha mkono, basi, wote wakakimbilia goti la Eligio. Kiwandani amewaficha, maana mshonaji asiye na vidole anarudishwa nyumbani. Wandy naye aliapishwa na Yocasta asimwambie mtu.

"Hata mimi ni huyo mtu?" Eligio akasema. "Si ungeniambia."

"Uliniuliza? Humu ndani kuna mguu wako tu, Eligio. Mguu unauma, mguu usiguswe, mguu na mvua. Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye pikipiki ileile."

Mtu angedhani hapo roho yake ingetulia. Wapi. Wivu uligeuka, ukawa mchungu kuliko ule wa kwanza. Kumbe Wandy alikuwa anaujua mkono wa mke wake, anajua mpaka ni vidole vipi, na yeye mume kalala kando ya mkono huo miaka miwili. Heri angekuwa kaibiwa busu.

Honi ikalia nje. Yocasta akachukua mkoba. Eligio akamtangulia mlangoni na gongo lake, na Wandy alipomwona akashuka kwenye pikipiki taratibu, kama mtu anayengojea ngumi.

"Zima injini," Eligio akamwambia. "Ngoja hapo."

"Atachelewa, mwanangu."

"Ngoja."

Akarudi ndani, akaburuta kiti mpaka kwa mkewe pale mezani, akaketi, mguu ukijinyoosha chini ya meza. Akaushika ule mkono. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na hilo nalo hakulijua.

"Nionyeshe ni vidole vipi," akasema. "Pole pole. Hata mimi nijue."