Mipini Mitatu

…mnyoofu, wa kengele, au wenye tumbo, anarudia muuzaji, na raketi zote tatu amezipanga juu ya kioo cha kaunta, mipini ikinielekea mimi, mnyoofu umenyooka toka juu mpaka chini, wa kengele unatanuka mwishoni usikuponyoke, wenye tumbo umevimba katikati ujaze kiganja, na hapo anajipiga tumbo lake mwenyewe, kama hili langu dada, anacheka, nami natabasamu kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, mdomo unaijua kazi yake hata mwenyewe nisipokuwepo, na katika kucheka kwake naliona jino la juu la pembeni limevunjika kipande, kazi ndogo hiyo, asubuhi moja tu linazibwa, ndivyo ninavyoishi siku hizi, watu wananieleza mambo yao nami nakagua meno yao… shika, anasema, shika uone mkono wako unasemaje, nashika mnyoofu, naweka, nashika wa kengele, naweka, mkono wangu hausemi kitu, na wala si mkono wangu unaotakiwa kusema, lakini hilo simwambii, nilipoingia nilimwambia ni zawadi, zawadi ya nani, ya mtu anayecheza, basi kamwulize anashika upi, dada, hawa watu wa mpira wa meza ni wakaidi, mtu yuko radhi abadili mke kuliko kubadili mpini, na anacheka tena, na lile jino tena… kamwulize, ningekuwa na uwezo wa kumwuliza ningekuwa hapa nafanya nini, baba yupo, hajafa, yuko wodini kitanda cha dirishani, kiharusi kilimwangusha katikati ya mchezo palepale ukumbini kwao posta, walisema mpira ulikuwa bado hewani, ulivuka wavu ukadunda upande wake na hakukuwa na mtu wa kuurudisha, na tangu siku hiyo hajatoa neno, ukimwuliza kitu anafumba macho, jana nilimwonyesha picha za raketi kwenye simu, baba, huu, huu, au huu, akafumba macho, nikasubiri, akaendelea kuyafumba, nikairudisha simu mkobani na kuanza kunyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo hata mmoja.

Raketi yake mwenyewe haipo, watu walimbeba yeye, raketi haikubebwa na mtu, nilipokwenda kuiulizia bawabu wa ukumbi aliinua mabega tu, sikumkasirikia, nilimshukuru hata, sijui nilimshukuru kwa nini… yule dada wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenituma, alinivuta pembeni kwenye korido akaniambia mzee anakataa kushika vitu, kijiko amekiachia, kikombe amekiachia, kile kimpira cha sponji amekiachia mara ngapi, asipoanza kushika sasa atarudi nyumbani mtu wa kulishwa, na wa kulishwa atabaki, mtafutie kitu anachokipenda, vya hospitali amevichoka, na alisema maneno mengine pia, marefu, lakini mimi nilikuwa natazama chonge lake la juu lililompandia jirani yake, jino zuri, lenye kiburi, huku nikitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nimeelewa… na kweli nilidhani nimeelewa, raketi, nikajisemea, kiganja chake hakitakataa mpini wa raketi, hata kama kichwa kimesahau kiganja hakisahau, nikaja mpaka hapa moja kwa moja toka kazini, unga wa plasta bado uko kwenye kucha, nikasukuma mlango na uhakika wangu wote, na huyu bwana akaniuliza, mpini gani, ndipo nikagundua kwamba sijui.

Sijui, na kazi yangu ni kutengeneza meno bandia, naletewa umbo la taya la mtu ambaye sijawahi hata kumsalimia, nalizungusha mara moja kwenye mwanga wa taa nakwambia huyu anatafunia kushoto, huyu anasaga meno usingizini, huyu amezoea kung'ata uzi, fundi cherehani bila shaka, na mara nyingi ni kweli, daktari wa kliniki yetu ananiita mpiga ramli, na mpini wa baba yangu mzazi, uliopita mbele ya macho yangu kila jioni ya utoto wangu, siujui… tafuta, tafuta vizuri, raketi ilikaa wapi pale nyumbani, juu ya redio, haisaidii, rangi yake, nyekundu upande mmoja na nyeusi mwingine, zote ndivyo zilivyo, mpini, mpini ulikuwa na utepe mweupe, ule wa kufungia vidonda, aliuzungushia toka juu mpaka chini na ukichafuka anaubandua anazungushia mwingine, mama alikuwa akilalamika kwamba nyumba hii ukijikata hakuna cha kufungia, mgonjwa hapa ni raketi, na chini ya utepe unaweza kuweka umbo lolote… akitoka posta, kuchambua barua mchana kutwa, aliichomeka kiunoni kwa nyuma, mpini ndani ya mkanda, na akifika ukumbini anaichomoa kama mtu anayetoa kalamu mfukoni, ungekuwa wa kengele si ungekwama, basi mnyoofu, lakini mnyoofu si ungeteleza njiani, na hakuwahi kuidondosha, basi wenye tumbo, au ni mkanda tu ulibana… unaonaje, anasema muuzaji, wengi wanachukua wa kengele, wengi wanachukua wa kengele, narudia nami kama kasuku, halafu simu inatetemeka, ni kaka.

Umepata, anauliza, kule aliko kuna kelele za mashine, kaka yangu ana duka la kusaga nafaka na huongea kwa kupiga kelele hata akiwa msibani, namwambia iko mipini ya aina tatu, Mzee alikuwa na upi, mnyoofu, anasema papo hapo, nakuhakikishia, Mzee ni mtu wa mambo yaliyonyooka, kaka hiyo ni tabia, si mpini, basi huo mwingine, wa kengele, chukua wa kengele, kwani si mti tu jamani, atajua tofauti kwa hali ile, halafu anajisikia alichosema, mashine inaendelea kusaga… wewe ndiye uliyekuwa unacheza naye, anasema sasa kwa sauti ya chini, mimi alinifukuza mezani tangu siku ile niliyoukalia mpira, na wewe vipi, unaendeleaje lakini, niko sawa, namwambia, uwe na moyo mdogo wangu, haya kaka, na kweli niko sawa, hilo ndilo linalonishangaza, nakula, nalala, nakwenda kazini, shangazi alinishika mabega yote mawili kwenye korido ya wodi akaniambia lia mwanangu, lia upate nafuu, nami nikamwuliza kama ameshakunywa chai, watu wananisifu, binti jasiri huyu, ujasiri uko wapi, sisikii kitu basi, ile plasta ninayoikoroga kazini ukiimimina hupata joto kidogo wakati inaganda, ukiweka kidole unasikia uvuguvugu wake, hata plasta, mimi nimeganda hivihivi na baridi yangu… dada, anasema muuzaji, taratibu tu, usiwe na haraka, na anachukua kitambaa anaanza kufuta kioo kuizunguka mipini, bila kuigusa, ana adabu.

Wewe ndiye uliyekuwa unacheza naye, ni kweli, Jumamosi, ukumbi wa posta, madirisha ya juu, wenzake walimwita Ukuta kwa sababu upige utakavyo mpira unarudi, Ukuta kaja na mwanawe leo, walisema, na mimi nilikuwa sijafika kifuani kwake, akasimama nyuma yangu akaniwekea raketi mkononi, yake, ile ile yenye utepe… ngoja, basi niliushika, niliushika ule mpini kwa mkono huu huu, kumbuka basi, ulinyooka, ulitanuka, ulikuwa na tumbo, nafumba macho yangu mimi sasa mbele ya kaunta, vidole nimevikunja hewani, muuzaji anione kichaa akitaka, na kinachokuja si mpini, kinachokuja kiko juu ya mkono, si ndani yake, ni kiganja chake kimeufunika mkono wangu wote, kizito, kikavu, na ile sugu chini ya kidole gumba inanikwaruza, na sauti yake juu ya utosi wangu, usiukabe hivyo, haujakuibia kitu, legeza, legeza, nimekushikia… mbao sizikumbuki kabisa, nilichoshika siku ile ni mkono wa baba, na pale wodini mkono huo huo umelala juu ya shuka, wa kulia, umevimba kidogo, nami nabadilisha maji kwenye jagi, nafuta kimeza, nanyoosha shuka, nafanya kila kinachoweza kufanywa kitandani kwa mtu bila kumgusa mtu, siogopi, nasema siogopi, ni mkono tu, hausikii ukiguswa, wa kulia wote umeondoka, toka bega mpaka… wa kulia.

Wa kulia ndio ulioondoka, na yule dada wa mazoezi alisema, sasa nasikia, maneno yale marefu yalikuwa yameniingia sikioni yakakaa huko yakinisubiri, alisema wa kulia tuupe muda, tusiusumbue, tunaanza na wa kushoto, wa kushoto una nguvu zake zote lakini mzee hautaki, nami nikatikisa kichwa, ndiyo, nimeelewa, nikaja kununua raketi ya mkono wa kulia, na kaka naye kabishana nami kuhusu mkono wa kulia, watu wazima wawili, na huyu bwana wa watu amesimama anafuta kioo… wa kushoto wa baba haujui mpini wowote, mnyoofu wala kengele wala tumbo, miaka yote ile ulikuwa unafanya nini mkono wa kushoto wa baba, ulikuwa unaanzisha mchezo, basi, kiganja kimekunjuliwa wazi, mpira umekaa katikati kama yai kwenye sahani, usiufumbe mkono, alinifundisha, ukiufumba ni kosa, mwamuzi anakupokonya pointi, fungua, rusha juu, achia… rusha, achia, ndiyo kazi pekee ambayo mkono ule uliwahi kupewa, Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka mvi, kuachia, na sasa tunauwekea kijiko unaachia, kikombe unaachia, sponji unaachia, na sisi tumesimama kuzunguka kitanda tunaandika kwamba mzee anakataa, mzee hataki, mzee mkaidi, hakatai, masikini baba, anafanya vizuri kile mkono unachokijua, na hakuna aliyemwambia kwamba sasa ni ruhusa kuufumba.

Kitu kinanipanda kutoka tumboni, kinafika kifuani, kinauma, kinauma kweli, na nakijua ni nini, ni huzuni, ilikuwa wapi muda wote huu, machozi yananitoka hapa mbele ya raketi tatu na mtu mgeni, sijifuti, na muuzaji ameacha kufuta kioo, hajui aniangalie au aangalie pembeni, dada, anasema, kama ni bei tutaelewana, usilie, nami ningetaka kucheka kama ningekuwa na nafasi, namwambia si bei, nilikosea, nilikueleza vibaya, huyu mtu hajawahi kushika, ndiyo kwanza anaanza, na ni wa mkono wa kushoto, aah, anasema, na mabega yake yanashuka kwa nafuu, ungesema mapema, anayeanza si tatizo kabisa, anayeanza hana mpini wake bado, wowote utakaompa ndio utakuwa wake, muhimu mtu asimame naye zile siku za mwanzo, amshikie mkono, basi, nitasimama naye, nasema, nitamshikia, na mipini mitatu bado iko palepale juu ya kioo ikinielekea, hakuna kilichosogea, naye anainama kuchungulia chini ya kaunta, anauliza kwa sauti ya mtu anayebembeleza, mtoto ana umri gani, kuna na ndogo huku, mkono wake ukoje, mdogo sana? na mimi najibu ni mkubwa, ni mkono wa baba yangu.