Glavu Nyeupe Katoyi

Jumanne, saa kumi na moja na robo jioni, Mama Uwimbabazi aliingia darasa la watu wazima mtaani Katoyi, akapangusa vumbi la chaki kwenye benchi, akafanya ishara ya msalaba na kufungua daftari. Alikuwa fundi wa kushona, mwenye miaka hamsini na nne. Alianza kusoma kwa sababu moja tu: alitaka kuisoma mwenyewe karatasi ya askari kuhusu mumewe, Havugimana, aliyepigwa risasi mbili mlangoni pa kiwanja chao. Sasa aliweza. Ilikuwa na mistari tisa. Wa tisa ulisema kwamba wauaji ni watu wasiojulikana. Kila asubuhi alimwomba Mungu mstari huo ubadilike.

Siku hiyo Mwalimu Olivier alifundisha hadithi za upelelezi za Amerika, zile za miaka mia moja iliyopita. Mwanzoni, alieleza, mpelelezi alikuwa bwana msafi mwenye akili nyingi. Aliketi kitini, akasikiliza, akafikiri. Mwishoni aliwaita wote sebuleni, akamtaja muuaji. Muuaji akapauka uso, na askari wakamchukua.

"Na kisha?" aliuliza Katungu, muuza viazi.

"Kisha kitabu kinaisha, mama."

"Kinaisha vile tu? Ndugu za muuaji hawasemi kitu?"

Mwalimu alifungua ukurasa wa arobaini na moja ili awasomee, na mpelelezi mwenyewe akatoka kitabuni. Alivaa suti ya kijivu na glavu nyeupe, na alikuwa na kifimbo. Wanafunzi walisogea, akapata nafasi kwenye benchi. Mama Uwimbabazi hakungoja, akamwalika kwake. Alikuwa amemwomba Mungu mtu wa kumtafutia muuaji. Hakuwa amesema atoke wapi.

Alhamisi mpelelezi aliketi sebuleni kwake. Hakuinuka hata mara moja. Alitazama dirishani, akauliza ule ukuta wa mawe ya volkano ulijengwa lini.

"Wiki moja kisha mazishi, papa. Ni wa jirani, Mirindi."

Ukuta ulikuwa umeingia mita tatu ndani ya kiwanja. Mpelelezi aliuliza maswali mengine manne, akaomba watu wote waitwe Jumamosi.

Walikuja. Alikuwepo Katungu, alikuwepo Papa Darius, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa ule, na Mirindi mwenyewe, aliyebeba kiti chake kwa sababu ya mgongo. Mpelelezi alizungumza karibu saa nzima juu ya nyayo, risasi na mawe. Kisha alinyoosha glavu.

"Muuaji ni huyu."

Mirindi alikoroga chai.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Mama Uwimbabazi, sukari ingine iko?"

"Muzee," Katungu alimwambia mpelelezi, "umetukalisha saa nzima juu ya hiyo? Tunajua tangu siku ya matanga. Mutu gani hapa hajue?"

Kuna mtu aliyepauka uso, na alikuwa mpelelezi.

"Askari wako wapi?"

"Komanda wa askari ni shemeji yake," alisema Papa Darius kwa upole. "Ni yeye aliandika ile karatasi."

Mama Uwimbabazi naye alikuwa anajua, ingawa hakuwahi kulitamka jina hilo hata katika sala. Kilichomkata pumzi ni mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umeshika kopo la sukari, na ulikuwa unamtilia Mirindi. Kijiko kimoja. Cha pili.

Jumapili mpelelezi alikwenda ofisi ya askari peke yake. Alirudi Jumatatu bila kifimbo, mdomo umepasuka, glavu nyeusi kwa vumbi la volkano. Jumanne alikuwa na koti kuukuu na ndevu za wiki tatu. Alinuka pombe ya ndizi, na hakusema tena sentensi ndefu.

Darasani Mwalimu Olivier alifika sura iliyofuata. Baadaye, alisema, wapelelezi wa Amerika walibadilika. Waliacha viti, wakaingia barabarani, wakapigwa. Walijua kwamba askari na muuaji wanakula sahani moja. Mabadiliko hayo yalichukua kama miaka ishirini.

"Huyu wetu ilimuchukua siku tatu," alisema Katungu.

Jumatano Mama Uwimbabazi alisali, akachukua karatasi, akaenda kwa komanda pamoja na mpelelezi.

"Nasikia sasa unajua kusoma, mama," alisema komanda. "Vizuri sana. Tusomee."

Alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, mistari minane bila kosa. Alipofika wa tisa alisoma hivi: "Muuaji ni Mirindi."

Askari waliokuwa mlangoni waligeuka.

"Haikuandikwa hivyo," alisema komanda.

"Najua, komanda."

"Basi rudi darasani, mama. Bado hujajua vizuri."

Akaichukua karatasi, akaitazama, akamrudishia. Mstari wa tisa ulikuwa vile vile.

Mpelelezi hakurudi kitabuni. Kila jioni anakaa kwenye kigoda karibu na ukuta, kofia machoni, akiulinda. Mirindi akipita humsalimu bonsoir, naye huitikia. Wiki iliyopita mafundi wa Mirindi walikuja na mawe, ili ukuta uingie mita ya nne. Walimwomba muzee asogeze kigoda kidogo.

Alikisogeza.