Ukuta wa Mataruma

Nyundo ya fundi Raphael iliugonga ukuta, nyumba nzima ikalia kama kengele. Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Acha kwanza, baba," alimwambia fundi kwa sauti ya chini.

Fundi akanitazama. Mimi ndiye niliyemleta hapa kijijini Hombolo aikarabati nyumba ya mama.

Ukuta ule haukuwa wa matofali. Marehemu baba, aliyekuwa kibarua wa reli, aliusimamisha kwa mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya njia ya treni, akaikata sebule yetu vipande viwili. Aliacha kilango chenye kufuli na tundu la kupitishia sahani. Nyuma ya ukuta huo aliishi kaka yangu, Cornel.

Alikuwa amerudi kutoka chuoni akizungumza na watu tusiowaona. Mwaka ule wa njaa alichoma ghala la mtama la mzee Mazengo, jirani yetu. Wanaume wakaja na fimbo. Baba aliwaapia kwamba hawatamwona tena nje, na kweli hawakumwona. Mimi nilifanya kazi zangu za shule nikisikia kucha zake zikitambaa kwenye chuma. Nilipoanza kazi nilimpeleka hospitali mjini, dawa zikamrudisha. Sasa anatengeneza redio huko huko mjini, mtaa wa Kikuyu.

"Mama, ukuta huu wa nini tena?" niliuliza.

"Wakija tena, nitamficha wapi?"

Nikampigia Cornel simu. Alifika mchana, akamwamkia mama, akasimama mbele ya lile tundu bila kuligusa.

"Mama, juzi mzee Mazengo kaniletea redio yake. Tumekunywa chai."

"Chai," mama alisema. "Na mtama wake je?"

Cornel aliichukua nyundo. Hakupiga kwa hasira. Alipiga taratibu, kama mtu anayelima shamba lake. Mama aligeuza uso, akatazama dirishani. Taruma la mwisho lilipoanguka, sebule ilikuwa pana mno, tukajikuta tumesogeleana katikati kama wageni.

Jioni Cornel alijipangusa vumbi, akaaga ili awahi gari la mwisho.

"Lala hapa," mama alisema.

"Kesho nina kazi, mama."

Mama alifunga mlango wa mbele, akaburuta godoro kutoka chumbani kwake, akalitandika kizingitini, akaketi juu yake.

Cornel alinitazama. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.