Konzi ya Kwanza ya Mchele Mpya

Tangu aolewe, kila Pongal, sikukuu ya mavuno, Poongodi ndiye aliyetia konzi ya kwanza ya mchele mpya chunguni. Aliiona ni haki yake, maana ndiye aliyepandikiza mpunga, akaupalilia mpaka kiuno kikamkatika. Mwaka huu mama mkwe wake, Rakkammal, akasema mchele atatia Yazhini.

Yazhini ni mke wa shemeji wa Poongodi, anashona fulana kiwandani, mjini Tiruppur. Basi la kiwanda humchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Mshahara wake ndio ulionunua pampu, na bila pampu mpunga ungekaukia shambani.

"Mchele huu umemea kwa pampu," mama mkwe alisema. "Wewe Poongodi chochea moto."

Roho ikamchoma. Kulipopambazuka wakakusanyika uani, chungu cha maziwa kimefungwa mche mbichi wa binzari shingoni, maziwa yakaanza kupanda. Poongodi akavuta kuni mbili nje ya moto, taratibu, kama anayezipanga vizuri. Maziwa yakashuka.

Yazhini alisimama na konzi yake, bangili mpya zikilia. Maziwa yasipofurika, mchele hautiwi.

Kwa jirani yakafurika, wakashangilia. Nyumba ya pili nayo ikashangilia.

"Hata maziwa yanamwogopa bibi wa kiwanda," Poongodi akachokoza. "Yanangoja king'ora."

Watoto wakacheka. Rakkammal hakucheka.

"Haya, cheka. Yakikataa kufurika, watu hawatasema kiwanda kina nuksi. Watasema ni shamba. Na shambani anashinda nani?"

Hilo Poongodi hakuwa amelifikiria. Akazirudisha kuni upesi, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Maziwa yakapanda, yakamwagika upande wa mashariki, upande wa heri, yakazima nusu ya moto. "Pongalo Pongal!" wote wakapaza sauti, na Yazhini akatia mchele. Majirani wakaja kumpongeza, wakamshika mikono, wakasifu bangili. Aliyepuliza hakuna aliyemtazama.

Wali ulipoiva, Poongodi akamsogelea Yazhini. "Huko kwenu kiwandani wanachukua watu wa umri wangu?"

"Wanachukua, dada. Lakini ukienda, shamba atalima nani?"

"Pampu yako," alisema Poongodi, akachukua upawa na kujipakulia wa kwanza, kabla ya mama mkwe.