Mvuke wa Kware

Tangu Alhamisi Triza alizunguka na kichwa kilichosukwa uzi mweusi, mashungi yamesimama kama miiba ya nungunungu, na ploti nzima ya vyumba vya kupanga pale Kware ikamcheka hadi ikachoka. Hakujali. Pasi ya nywele ilikuwa imeshamkata nywele za utosini, akaapa kwamba moto hautamgusa kichwa tena. Heri kuzinyoosha kwa uzi kama nyanyake, hata kama ulimnyima usingizi.

Jumamosi, siku ya harusi ya dadake, aliufungua. Nywele zikashuka hadi mabegani, zimenyooka, laini. Akaketi kupiga viatu rangi, moyo umetulia.

Wesonga, mumewe, alikuwa ameinjika sufuria ya maji ya kuoga papo hapo, maana chumba chao ndicho jikoni, na dirisha akalifunga ili suti yake isiingie vumbi. Mvuke ukajaa hadi kioo kikatoka jasho. Triza alipojitazama, nywele zilikuwa zimejikunja zote, zimerudi masikioni.

Wesonga alirudi kutoka bafu la nje akinukia sabuni.

"Kumbe bado hujaanza nywele, Mama Nekesa? Tutachelewa."

Triza aliuokota uzi sakafuni, akaipima shingo ya mumewe kwa macho.