Kumuaga Waziri

Daktari wa mifugo alifika saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akauliza mgonjwa yuko wapi. Mshonaji alimwonyesha. Paka alikuwa amelala juu ya meza ya kukatia nguo, kwenye kitambaa cha mteja ambaye ilibidi aambiwe kwamba gauni lake litachelewa. Aliitwa Waziri kwa sababu alikuwa na tumbo kubwa na hakuna mtu aliyewahi kumwona akifanya kazi. Sasa tumbo lilikuwa limekwisha. Figo zilikuwa zimechoka, chakula alikuwa anakiangalia tu, na tangu juzi hakuweza kuruka hata kwenye kiti.

"Baba mwenye nyumba yupo?" Daktari aliuliza.

"Yuko kazini." Mume wa Mshonaji alikuwa fundi wa lifti, na katika mji ule hakuna kitu kilichokwama mara nyingi kama lifti, hasa usiku na siku za mapumziko. "Tusimngoje. Anayelala hapa kila siku ni Waziri."

Daktari alinyoa sehemu ndogo ya mguu wa mbele, akachoma sindano ya usingizi. Mshonaji alimkuna Waziri nyuma ya sikio, akamweleza mambo ambayo hakutaka aondoke bila kuyajua: kwamba lile pazia alilolichana lilikuwa baya tangu mwanzo, na kwamba hataletwa paka mwingine, au walau si mapema. Kisha Daktari akachoma sindano ya pili, ile ya kusimamisha moyo. Wakangoja. Daktari akasikiliza kifua, akahamisha chombo chake, akasikiliza tena.

"Moyo unapiga," alisema.

"Ni mbishi. Siku zote yuko hivyo."

Simu ya Daktari ikaita. Alikuwa mteja wake wa saa sita, mwalimu wa chekechea aliyekaa ng'ambo ya soko. Alisema paka wake, Pamba, amelala usingizi mzito, na mguu wake wa mbele umenyolewa wakati hakuna aliyemgusa. Alitaka kujua kama bado kuna haja ya Daktari kuja.

Daktari alimtazama Waziri. "Pamba ana baka jeusi kidevuni?"

"Analo."

"Nakuja sasa hivi." Akakata simu, akamgeukia Mshonaji. "Paka wako yuko nyumba nyingine pia. Dawa imegawanyika. Itabidi tumkusanye."

Mshonaji aliuliza kama Waziri alikuwa akitoroka usiku. Daktari alimwambia hapana, paka wa namna hii hatoroki. Anakuwa mzima huku na mzima kule. Alishawahi kumhudumia mbwa wa hivyo, wa mlinzi mmoja mwenye zamu mbili. Mshonaji aliona hayo yanaeleweka. Akachukua mkoba, akamfunika Waziri kwa kile kitambaa cha mteja, wakaingia garini.

Mlango wa Mwalimu ulifunguliwa na Fundi. Alikuwa amevaa fulana na kandambili za kijani ambazo Mshonaji alimnunulia mwenyewe, na ambazo yeye alisema ziliibwa kazini.

"Karibu," alisema.

"Asante," alisema Mshonaji, akapita.

Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, Pamba mapajani. Alimtazama mgeni, akatazama alichobeba.

"Ni dada yako?" alimuuliza Fundi.

"Ni mke wake," alisema Mshonaji. "Na wewe?"

"Na mimi." Mwalimu akasogea kumpa nafasi kwenye zulia. "Mlete, dada. Huyu anapata baridi."

Mshonaji alimlaza Waziri juu ya Pamba, nao wakaingiana kama mkono unavyoingia kwenye shati. Akabaki paka mmoja, mzito kidogo kuliko mwanzo. Wakamshika wote, mmoja kichwani, mmoja mgongoni. Mwalimu alisema paka huyu alilala miguuni pake kila usiku. Mshonaji alisema na kwake vilevile, hakukosa hata mara moja. Kisha wote wawili wakamgeukia Fundi, ambaye alikuwa akikagua bawaba ya mlango.

Daktari alichoma tena, akasikiliza. "Bado kuna kipande," alisema. "Fundi, kuna nyumba nyingine?"

Fundi alikagua bawaba ya chini. "Ipo moja," alisema. "Lakini siyo hivyo mnavyofikiri."

Kilikuwa chumba kimoja mwisho wa uchochoro, nyuma ya kiwanda cha mabati. Aliyewafungulia alikuwa mwanamke mzee mwenye pua ya Fundi. Kifuani alikuwa amempakata paka, na alimwita Mwenzangu.

"Huyu ni mama," alisema Fundi.

"Mama yako alikufa," alisema Mwalimu. "Nililia wiki nzima."

"Na ile suti nyeusi niliyokushonea uende nayo kwenye mazishi?" Mshonaji aliuliza.

"Ilinikaa vizuri sana," alisema Fundi kwa sauti ndogo.

Mama mkwe aliwaambia waingie, ila viti havitoshi. Habari ya kifo chake alikuwa nayo. Mwanawe alimweleza mwenyewe. Kila mke alikuwa anataka kuletwa amwone mama mkwe, na yeye hajui kufunga mdomo. "Akaona heri nife," alisema. "Nikamwambia sawa, maadamu hainiumi. Tangu hapo sina mgeni. Ila huyu haondoki."

Mshonaji akamweka paka wao mapajani mwa mama mkwe, juu ya Mwenzangu, na safari hii akawa na uzito wake wote, hata tumbo likarudi. Mama mkwe alimfuta macho kwa upindo wa nguo yake. "Nenda, baba," alimwambia. "Tumekutumikisha mno." Daktari akachoma sindano ya mwisho, na moyo ukasimama bila kelele. Aliyelia kuliko wote alikuwa Fundi. Mama yake akampangusa pua. Mshonaji aligundua kwamba ameushika mkono wa Mwalimu, akauacha pale pale.

Fundi alichimba shimo nyuma ya chumba, wakamzika paka ndani ya kitambaa cha mteja. Walipomaliza kunawa, giza lilikuwa linaingia. Mama mkwe akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, nani atalala naye leo, maana hajazoea kulala peke yake.

Mwalimu alisema angependa, ila kesho watoto wanafika mapema. Mshonaji alisema angependa sana, ila ana mtu wa kumshonea gauni upya kabisa. Wakaahidi Jumapili, hii au ile nyingine. Daktari aliuliza kila mmoja ashushwe wapi. Wanawake walitaja mitaa yao. Fundi, ambaye alishakaa kwenye gari, alisema yeye ashushwe hapo katikati.

"Haya, nendeni," alisema mama mkwe. "Mimi ni marehemu, sina pa kuwahi."

Akawapungia mkono mpaka gari lilipokata kona. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akazima taa mapema.