Persis Aenda Kuulizia Kazi

Mwaka 1974, Nyanchera alipata nafasi mbili kwa mpigo: ya kusomea ukaguzi wa mazao katika chuo cha kilimo, na ya kusomea uhandisi wa barabara na madaraja huko Nairobi. Nyumbani kwao, karibu na Magwagwa, furaha ikageuka mjadala. Baba yake, Ratemo, alipendelea kilimo, maana mkaguzi huweza kufanya kazi karibu na kwao. Nyanchera kila akiulizwa alisema zote nzuri, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Persis, mama yake, hakuridhika na jibu hilo. Pale nyumbani hakuna aliyejua kazi hizo zinalipa nini wala zinamfikisha mtu wapi. Jumatatu asubuhi akajifunga kitambaa kichwani, akatoka kwenda kuwauliza wenyewe.

Alianzia kituo cha kununulia chai. Manasseh, mkaguzi wa majani, alikuwa ameinamia kikapu, akiyatupa kando majani yaliyokomaa huku mwenye kikapu akinuna. Persis alipanga foleni kama mtu aliyeleta chai. Zamu yake ilipofika akasema, "Bwana Manasseh, nataka kujua mshahara wako."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Manasseh naye akacheka, akamvuta pembeni.

"Unatosha chakula na karo, mama, lakini kupanda cheo ni pole pole. Nilianza na cheo hiki mtoto wangu wa kwanza hajaota meno, na sasa yuko darasa la sita. Uzuri wake, nina pikipiki ya kazi na ninalala kwangu. Ila injinia anayeanza leo anapata karibu mara mbili yangu."

"Na Jumamosi je?" aliuliza Persis, Msabato tangu utotoni.

"Nikipangiwa, ninakuja. Chai ikishachumwa haiwezi kungoja."

Kutoka pale akapata lifti ya lori la mawe mpaka Sironga, kulikokuwa kunajengwa daraja. Alimkuta mwanamume amezama matopeni hadi magotini, akamwomba amwitie injinia.

"Ndiye mimi, mama," alijibu Ongeri, akajifuta mikono kwenye suruali.

Ongeri naye hakuficha kitu. Mshahara ulikuwa mnono, na mtu akifaulu mitihani yake hupanda upesi. Lakini alikuwa amehamishwa mara nyingi hivi kwamba masanduku mengine mke wake hayafungui tena. "Kusema kweli, ninamwonea wivu huyo Manasseh uliyenieleza, anayelala kwake," alisema.

"Naye anauonea wivu mshahara wako," Persis alimwambia, na wote wawili wakacheka.

"Na Jumamosi?"

"Ratiba ninaipanga mimi. Mimi ni Mkatoliki, lakini vibarua wangu wengi ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi tunafunga kazi."

"Wanawake mnao? Naulizia binti yangu."

"Bado. Mlete aone."

Jumatano Persis akarudi na binti yake. Mwanzoni Nyanchera alisimama kando, mikono nyuma. Kisha akauliza maji yanazuiwaje nguzo ikichimbiwa. Ongeri akamweleza. Akauliza jingine, na jingine, mwisho akavua viatu akashuka matopeni akaone mwenyewe. Persis, ameketi juu ya rundo la mawe, alimsikia akicheka kule chini. Nyumbani mtoto huyu alijibu kwa neno moja moja. Moyo ulimchoma kidogo, kwa kuwa alijua Nairobi imeshamchukua, lakini alijikuta anatabasamu peke yake.

Wakiwa njiani alimwuliza, "Mbona hukusema?"

"Baba alitaka niwe karibu."

"Baba yako niachie mimi."

Jioni hiyo alimweleza Ratemo yote: mshahara, vyeo, uhamisho, Jumamosi, na jinsi Nyanchera alivyoshuka matopeni kuona maji yanavyozuiwa. Ratemo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na wakimpeleka mbali?"

"Tutamtembelea. Hata mimi sijawahi kufika mbali."

Ratemo alimtazama mkewe, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Akachukua koti lake, akasema anatoka mara moja kwenda kwa jirani. Ugali ulipoa mezani, na waliposhuka kumtafuta walimkuta ameshafika nyumba ya nne, amesimama mlangoni, akieleza jinsi binti yake atakavyozuia maji ya mto.